Uzamivu wa hali ya hewa uanzie kwenye daftari la mvua

Mhariri,

Vijana wa Mbeya, Njombe na Iringa wanaotaka shahada ya uzamivu katika hali ya hewa wamezoea kuja na kichwa kimoja: athari za mabadiliko ya tabianchi kwa kilimo cha mahindi. Hilo si swali la utafiti, ni jina la idara. Tunaomba nafasi kwenye gazeti lako tuseme jambo ambalo matangazo ya ufadhili hayalisemi: huku kwetu anayekwama katikati ya masomo mara nyingi hakwamishwi na hesabu, bali na data ambazo hakuzichungulia kabla ya kuomba.

Milima yetu ndiyo utajiri wa somo hili na ndiyo taabu yake. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Rungwe, umbali usiozidi kilomita 60, kinakaribia mita 3,000. Upande wa Tukuyu na Kyela mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, ilhali Usangu, nyuma ya milima hiyo, hupata takriban theluthi moja tu ya kiasi hicho. Sasa mwanafunzi anapakua data za ERA5 (makadirio ya hali ya hewa ya miaka iliyopita yanayotokana na modeli ya kompyuta na vipimo), ambazo kila kisanduku chake cha ramani kina upana wa kilomita 28 hivi, kisha anachora mwenendo wa mvua ya Rungwe. Kisanduku kimoja kinaweza kumeza bonde na mlima kwa pamoja. CHIRPS, makadirio mengine ya mvua yanayoanzia 1981, ina visanduku vya kilomita 5 na ushee, lakini chimbuko lake ni setelaiti zinazokadiria mvua kwa ubaridi wa vilele vya mawingu. Unyevu wa ziwa ukipandishwa mlimani hutengeneza mawingu mafupi ambayo vilele vyake si baridi sana. Chini watu wanalowa, juu setelaiti inaona mvua haba. Bila vipima mvua vya ardhini hutajua umekosea kwa kiasi gani.

Vipima hivyo havimilikiwi na ofisi moja. Anza na Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwa barua ya chuo inayotaja vituo, miaka na vipimo unavyotaka. Usiishie hapo. Ofisi za mabonde ya maji (Rufiji iliyoko Iringa, Rukwa iliyoko Mbeya, Nyasa iliyoko Tukuyu) zina vipimo vyao vya mvua na vya mito. TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, nayo ni ya kuulizia, na mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe hayafai kusahauliwa. Kabla ya kulipia chochote, omba orodha ya miezi isiyo na vipimo. Wastani wa kulinganishia unaotumika sasa ni wa miaka 30, 1991 hadi 2020. Kituo kilichonyamaza miaka 8 katikati ya kipindi hicho hakiwezi kubeba tasnifu, hata kama kiko karibu na kwenu.

Data zikifika, usikimbilie kuchora grafu. Mistari mitupu mara nyingine imejazwa sifuri na aliyeingiza data kwenye kompyuta, na hapo mwezi usiopimwa unageuka ukame. Hesabu siku za mvua kwa kila siku ya juma: Jumapili zikiwa chache mno na Jumatatu zikawa na mvua kubwa kupita kiasi, ujue mpimaji hakuwa akija Jumapili.

Kosa linalowaumiza wengi zaidi ni la tarehe. Kipima mvua husomwa saa 3 asubuhi, na mvua ya Jumatatu jioni inaweza kuandikwa chini ya Jumanne. Siku ya data nyingi za setelaiti huanza saa 9 usiku kwa saa zetu. Ukilinganisha siku kwa siku, uwiano (yaani jinsi data hizo mbili zinavyopanda na kushuka pamoja) unaporomoka na mwanafunzi anailaumu setelaiti. Sogeza safu moja kwa siku moja, upige hesabu tena. Uwiano ukipanda ghafla, kosa liko kwenye kalenda.

Kuhusu swali lenyewe: El Niño huelekea kuongeza mvua za vuli kaskazini mwa nchi na kuleta ukame kusini mwa Afrika. Mwaka 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, huku sehemu za Tanzania zikikumbwa na mafuriko. Nyanda za Juu Kusini ziko mpakani mwa tabia hizo mbili, kwa hiyo wastani wa msimu mzima, Novemba hadi Aprili, hausemi mengi. Panapolipa ni ndani ya msimu: mvua inaanza lini kwa kweli, na ukavu wa Januari na Februari unaletwa na nini. Taja waziwazi kipimo chako cha mwanzo wa mvua, kwa mfano milimita 20 ndani ya siku 2, zisifuatwe na ukavu wa zaidi ya siku 10 katika siku 30 zinazofuata. Kipimo hicho kijaribu pia kwa milimita 15 na 25, maana mtahini atakuuliza.

Wanaotaka modeli kama WRF, programu ya kompyuta inayoiga hali ya hewa, wajue kwamba kwenye miteremko yetu mikali programu huanguka kwa sababu hatua ya muda, yaani sekunde inazoruka kati ya hesabu moja na nyingine, ni ndefu. Kanuni ya sekunde 6 kwa kila kilomita ya kisanduku ni ya kuanzia tu. Mara nyingi hushushwa hadi 4 au 3.

Vyuo vipo: Dar es Salaam, Nairobi, Cape Town, Reading ya Uingereza, na Nanjing ya China inayosomesha Waafrika wengi fani hii. Aliyetoka kwenye jiografia au kilimo ajaze kwanza pengo la milinganyo tofautishi na mwendo wa vimiminika. Uzamivu wa utafiti mtupu hauna darasa la kukurudisha nyuma. Katika bajeti weka fungu la kununulia data na la nauli ya kwenda kupiga picha madaftari ya zamani, kwa sababu ufadhili mwingi huhesabu ada na posho peke yake.

Wachambuzi wa takwimu za hali ya hewa,
Mbeya