Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mimea Yetu na Bakteria Sugu

Ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa kufika, hasa nyinyi mliolala njiani. Hesabu atazisoma mhazini, na orodha ya ada iko kwa katibu. Mimi naomba muda wangu wote niutumie kwa lile tulilokubaliana mwaka jana kuwa ndiyo kazi ya chama chetu cha waganga wa mitishamba: mimea yetu na bakteria waliozoea dawa. Huko kuzoea dawa, serikalini wanakuita UVIDA, yaani Usugu wa Vimelea Dhidi ya Dawa. Sisi tunaijua kwa sura ya mgonjwa mwenye kidonda cha mguu ambaye amemeza vidonge vya rangi mbili, amechomwa sindano, amebadilishiwa dawa mara tatu, na sasa amekaa kwenye benchi letu akisubiri.

Utafiti uliochapishwa 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria sugu, na kwamba Afrika kusini mwa Sahara ndiko mzigo ulikokuwa mzito zaidi. Kwa hiyo tunapojadili hili tunajadili wagonjwa wetu wenyewe.

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, tulipeleka dawa zetu maabara. Mtaalamu alipaka bakteria wa usaha kwenye sahani, kisha akapanga juu yake vipande vidogo vya karatasi vilivyochovywa kwenye dawa zetu, kila kimoja na namba yake. Kipande kimoja alikichovya kwenye spiriti tupu, ileile tuliyolowekea magome. Dawa ikizuia bakteria, karatasi huzungukwa na duara safi. Tuliporudi kesho yake, karatasi nyingi hazikuwa na duara lolote. Chache zilikuwa nalo, na yangu ilikuwa miongoni mwa hizo. Nilifurahi sana, mpaka nilipoonyeshwa ile ya spiriti tupu: nayo ilikuwa na duara, karibu sawa na langu. Huenda basi kilichozuia bakteria ni spiriti, siyo mti wangu. Dawa ile nimewapa watu kwa miaka mingi. Nimeona niliseme hili mbele yenu wote, kwa sababu mwanachama mdogo hawezi kukubali kupimwa ikiwa mwenyekiti anaficha majibu yake.

Na duara likiwa la kweli, bado safari ni ndefu. Watafiti wengi huanza kuutilia maanani mmea pale mchujo wake unapozuia bakteria kwa mikrogramu 100 kwa mililita, au chini ya hapo. Ukihitaji miligramu 5 kwa mililita, hiyo ni mara 50 zaidi, na si rahisi kufikisha kiasi hicho kwenye damu ya mtu bila kumdhuru. Tukumbuke pia kwamba antibiotiki za hospitali kwa sehemu kubwa zilianzia kwenye ukungu na bakteria wa udongoni, siyo kwenye miti. Yeyote anayemwambia mgonjwa kwamba mzizi wake unashinda sindano anamdanganya, na mgonjwa mwenye homa ya sepsisi, yaani maambukizi yaliyomzidi mwilini, hana siku za kupoteza.

Basi kwa nini tuendelee? Kwa sababu huenda tumekuwa tukiuliza swali lisilo lenyewe. Bakteria wengi sugu wana pampu kwenye utando wao. Dawa ikiingia, wanaitapika nje. Mwaka 2000 Frank Stermitz, Kim Lewis na wenzao huko Marekani walieleza habari za vichaka vya miiba vya jamii ya Berberis, ambayo ndugu yake mmoja huota hata kwenye milima ya Afrika Mashariki. Kichaka hicho kina berberini, ambayo peke yake ni dhaifu mbele ya bakteria wa usaha, maana pampu iitwayo NorA huitoa nje. Lakini mmea huohuo una kemikali nyingine isiyoua kitu. Kazi yake ni kuziba pampu. Zikikutana, berberini hubaki ndani na kufanya kazi.

Niliposomewa habari hiyo nilimkumbuka bibi yangu, ambaye hakuwahi kuchemsha mti mmoja peke yake. Tulipoanza kukausha na kusaga kila mti na kopo lake ili tuuze vizuri, labda tuliacha nyuma nusu ya dawa. Sisemi michanganyiko yote ya wazee ilikuwa na maana hii. Nasema ipimwe ikiwa imechanganywa, na ipimwe pia pamoja na antibiotiki za zamani, tuone kama kuna inayozirudishia nguvu.

Njia nyingine ilionyeshwa 2015 na Cassandra Quave na wenzake. Majani ya mti wa chestnut, ambayo wanavijiji wa Italia huyatumia kwa magonjwa ya ngozi, yaliwazuia bakteria wa usaha wasipelekeane habari za kuanza kumwaga sumu. Bakteria hawakuuawa, lakini vidonda vya panya vilipungua. Bakteria wa tumboni kama E. coli ni wagumu zaidi, maana wana utando wa pili kwa nje, na huko tusitoe ahadi yoyote.

Sasa jambo lililoniumiza. Tulithibitisha kuwa mwanachama mmoja alikuwa akisaga vidonge vya antibiotiki na kuvichanganya kwenye unga wa mitishamba. Kamati imemfuta uanachama. Unga wa namna hiyo, unaolambwa kijiko leo na kijiko kesho, ndio unaowafundisha bakteria usugu.

Kuhusu mjafari, mti wetu wa dawa: wachimbaji wanang'oa mizizi yote. Kitalu kimeanza nyuma ya ofisi, na kila tawi litachukua miche yake leo kabla ya kuondoka.

Wengi mmeniuliza kama ujuzi wenu utaibwa. Hofu hiyo ni halali. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa unaotumika tangu 2014, inataka kuwe na makubaliano ya mgawo wa faida kabla ya mmea na ujuzi wake kutumika. Hatutapeleka sampuli nyingine maabara mpaka mwanasheria ameandika mkataba na mkutano huu umeusoma.

Sampuli za awamu ijayo zije na tawi lenye majani na ua, jina la mti kwa lugha ya kwenu, mahali ulipochumwa, na maelezo ya kile unachochanganywa nacho. Daftari liko kwa katibu.