Tuambieni upepo wa kesho, si wa wastani

Mhariri,

Nimechoshwa na makala zinazousifu umeme wa upepo kwa kutaja kasi ya wastani tu, kana kwamba upepo ni maji ya bomba. Nguvu iliyomo kwenye upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi yake: ukitoka mita 8 kwa sekunde hadi 10, nguvu hiyo inakaribia kuongezeka maradufu. Mtabiri akikosea kidogo kwenye kasi, mwongoza gridi anakosea sana kwenye megawati, na pengo hilo lazima lizibwe papo hapo na mtambo mwingine.

Hapo ndipo modeli za angahewa zinapohitajika. Kompyuta huigawa hewa katika vijisanduku, ikakokotoa mgandamizo, joto na mwendo wake hatua kwa hatua. Ila kijisanduku kimoja huweza kuwa na upana wa kilomita kadhaa, na kilima kilichokingama mbele ya mitambo kikamezwa humo, kisionekane kabisa. Tena vituo vya hali ya hewa kwa kawaida hupima upepo mita 10 juu ya ardhi, ilhali mapangaboi huzunguka kwenye mita 100 hivi. Usiku majani hapa chini huweza kutulia tuli, huko juu kunavuma kwelikweli.

Waandishi wenu wakitembelea mradi, waulize jambo moja: utabiri wa saa 24 zijazo hukosea kwa kiasi gani?

Msomaji wenu