Anza na Shati

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Nasoro,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo. Presha ya bibi yako imeshuka, na mvua imenyesha siku nne mfululizo hadi maji yakaingia chini ya kabati la vitambaa, ila hakijaharibika kitu.

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilisikia "jeshi", "bunduki", "kambi", nikakaa kitako sakafuni. Mdogo wako ndiye aliyenituliza: "Mama, ni jeshi la kuigiza. Vita vyenyewe viliisha mwaka 1865." Nikasikiliza tena, nikaelewa: unataka kujiunga na watu wanaovaa sare za zamani na kuigiza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Umeiona ile sanamu ya shaba pale Boston, mbele ya jengo la serikali, wanajeshi weusi wanatembea na kamanda wao kapanda farasi, na tangu siku hiyo hukai ukatulia. Mara ya tatu nilisikiliza bei.

Dola elfu mbili na ushee! Koti, suruali, kofia, viatu, mkanda, mkoba, chupa ya maji na bunduki, vyote kwa mkupuo, kwa kadi ya mkopo. Nakuandikia barua kwa sababu ujumbe wa sauti huwa unausikiliza kwenye basi, na hili nataka ulisome umekaa.

Sikukatazi. Nalisema mapema, maana mtoto akipata barua ndefu ya mama yake hutafuta kwanza lilipo katazo. Wewe tafuta chakula, kaa, usome polepole.

Unaikumbuka mashine yangu ya kudarizi? Niliichukua kwa mkopo kabla sijapata hata mteja mmoja wa darizi, kwa vile muuzaji alinionyesha maua yanajitokeza yenyewe kwenye kitambaa nikapagawa. Miaka miwili ilikaa pale pembeni imefunikwa khanga, mimi nalipa. Nilipokuja kuijua kazi ya darizi vizuri, nikagundua kwamba hata mashine yenyewe haikuwa ile niliyoihitaji. Nimekutajia yangu ili nisikutajie yako. Njiwa wako sitawataja.

Sasa nikwambie nilivyofanya. Nimekaa na mdogo wako usiku tatu tunasoma habari za hao wanajeshi weusi wa kwenye sanamu yako, kikosi cha 54 cha Massachusetts. Wewe umenieleza sana habari ya ngome ya adui iitwayo Wagner, tarehe 18 Julai 1863, watu kama 600 wakaingia, na karibu nusu yao wakauawa, wakajeruhiwa au wakakamatwa. Umenieleza na habari ya sajini William Carney aliyeibeba bendera akiwa na majeraha, akaja kupewa nishani mwaka 1900. Vizuri. Lakini mimi kilichonishika ni mshahara. Walipojiandikisha waliahidiwa dola 13 kwa mwezi kama askari weupe. Siku ya malipo wakaambiwa ni dola 10, na kati ya hizo 3 zinakatwa kwa ajili ya nguo. Zinabaki 7. Wakakataa kuzipokea. Jimbo la Massachusetts likasema litajazia pengo, wakakataa hiyo pia. Walipigana zaidi ya mwaka bila kushika senti, hadi bunge la Marekani liliporekebisha mwaka 1864.

Dola 3 za nguo, Nasoro! Nimeshona miaka 31, sijapata kusikia shati likifanywa fimbo ya kumdhalilisha mtu namna hiyo. Ndipo nikajua kwamba hilo koti la buluu unalotaka kulinunua kwa kubofya siyo koti tu. Ukilivaa bila kuijua hesabu hiyo umevaa kitambaa. Na ukishaijua, huna haraka nalo.

Kwa hiyo mpango wangu kwako ni huu. Mara ya kwanza nenda mikono mitupu. Vaa suruali yako ya jinzi, simama na watazamaji, angalia. Hao watu wana ratiba zao, wanapiga mahema, wanafanya gwaride, wanapika. Usiangalie vita sana, vita huangaliwa na kila mtu. Angalia wanapopumzika: wanazungumza nini, wanamjibuje mtoto wa shule akiuliza swali la kitoto. Kundi linalomjibu mtoto kwa subira ndilo la kujiunga nalo. Utaona pia kuna watu wanaokuja wamevaa kijivu, upande wa waliopigania utumwa uendelee. Wengine wanaigiza kwa sababu mchezo hauchezwi na upande mmoja. Wengine, nadhani, wanalipenda lile kijivu lenyewe. Utawatambua mwenyewe. Jua tu kabla kwamba wapo, usije ukashtuka ukiwa na bunduki mkononi.

Mara ya pili omba kuazima. Mdogo wako anasema makundi mengi huwa na koti la akiba, kofia ya akiba, mkoba wa akiba, kwa ajili ya wageni. Azima. Litakubana, litanuka jasho la mtu, litakuwasha shingoni. Ndiyo faida yake. Sufu katika jua la Julai haifanani na picha. Ukitoka huko siku mbili ukiwa bado unataka kurudi, hapo sasa tuzungumze. Na maji unywe, hata kama hao wanajeshi wenyewe hawakuyapata.

Cha kwanza kununua kiwe viatu. Koti utaazima, mguu huazimi. Vile viatu vyao vya ngozi, soli nyingine zimeshonwa na nyingine zimepigiliwa vijiti vya mbao, vinahitaji kuvaliwa nyumbani wiki kadhaa kabla hujavitembelea. Na kabla hujanunua hata hivyo, muulize mtu wa kundi ununue wapi. Wauzaji wa vitu hivi ni wengi, na kitu kinachoitwa "cha zamani" mara nyingi ni cha jana.

Hapo nikufundishe jambo la fundi. Ukiambiwa kitambaa ni sufu, omba uzi mmoja, uchome. Sufu inanuka nywele zilizoungua, na ukiitoa motoni inazimika. Pamba inanuka karatasi, inaacha jivu jepesi. Poliesta inayeyuka inakuwa shanga nyeusi ngumu, na shanga hiyo ikikugusa ngozi inang'ang'ania. Ninyi mtakaa kando ya moto wa kuni na kushika baruti, kwa hiyo hili la kuchoma uzi siyo la usahihi wa historia peke yake.

Bunduki iwe ya mwisho kabisa. Ile Enfield waliyobeba wao siyo kitu cha kujifunzia chumbani. Najua mnapiga baruti bila risasi, na kwamba mkiwa mstarini mdeki, ile fimbo ya kushindilia baruti, hautolewi kabisa, na mdomo wa bunduki unainuliwa juu ya vichwa vya watu. Mdogo wako kanisomea yote. Bado nataka mwaka mzima upite watu wakikuonyesha kabla hujamiliki ya kwako. Mwaka huo ubebe ndoo, uchanje kuni, usimame mlangoni pa hema uwaonyeshe watoto kilichomo mkobani. Mkobani weka biskuti ngumu. Tumejaribu kuioka hapa: unga, maji, chumvi kidogo, toboa matundu kwa msumari, oka mpaka ikauke kabisa. Mdogo wako aliitafuna akaishia kushika shavu. Wao waliichovya kwenye kahawa. Nyama yao ya chumvi mara nyingi ilikuwa ya nguruwe, hiyo wewe utaiacha, na mtu akikuuliza kwa nini, mwambie habari za Nicholas Said.

Huyu ndiye niliyekuwa namtafuta bila kujua. Jina lake la kwanza Mohammed Ali, kazaliwa Borno, karibu na Ziwa Chad, mtoto wa Kiislamu. Akatekwa, akauzwa ng'ambo ya Sahara, akapitishwa mikono ya mabwana hadi Urusi, akaijua lugha hii na ile. Mwishowe akafika Marekani akiwa huru, akafundisha watoto Detroit, na mwaka 1863 akajiandikisha kikosi cha 55 cha Massachusetts, ndugu pacha wa hicho chako. Akawa sajini. Lakini usianze kwa kumwigiza yeye! Najua ulivyo, utataka kuwa sajini mwenye lugha nyingi siku ya kwanza. Kuwa askari wa kawaida asiye na jina, anayejua kufunga mkanda wake. Said msome polepole, miaka miwili, mitatu. Akikuingia, utamwigiza bila kulazimisha.

Baba yako mdogo alikuja hapa, nikamweleza, akauliza mbona uende kuigiza vita vya watu wakati vya kwetu havijaigizwa. Sikuwa na jibu la haraka. Babu mzaa babu yako alichukuliwa upagazi katika vita vile vilivyoanza 1914. Hapa hapa Tanga Waingereza waliteremsha jeshi kutoka India mwezi Novemba mwaka huo, wakashindwa, na nyuki wakawamalizia, na hadi leo wazee wanasimulia habari ya nyuki kuliko ya watu. Mzee wetu hatujui alivaa nini. Hakuna picha, hakuna kitufe. Nilimwambia baba yako mdogo kwamba labda mtu hujifunza kazi kwenye nguo ya mteja kabla ya kushona ya kwake. Akanywa kahawa yake, hakusema kitu, na kwa yeye hiyo ni kukubali.

Basi shati. Kitu cha kwanza utakachokuwa nacho chako mwenyewe, mbali na viatu, kiwe shati, na ulishone wewe. Nimeangalia michoro ya mashati yao, nikacheka peke yangu. Ni kanzu fupi! Yote yamekatwa kwa vipande vya mraba na mstatili ili kitambaa kisipotee, na kwapani wameweka kikwapa, kile kile ninachokiweka kwenye kanzu ya baba yako ili mkono uinuke bila kuchana ubavu. Umelala chini ya meza yangu miaka mingapi huku nikikata vikwapa? Unajua kazi hii kuliko unavyofikiri.

Shona kwa mkono. Uzi uupake nta ya nyuki usijisokote. Piga bandi kwanza, usiamini pini. Kisha mshono wenyewe, mdogo mdogo, kila hatua sindano inarudi nyuma nusu. Sare nyingi za jeshi lao zilishonwa hivyo: ghala la Schuylkill pale Philadelphia lilikuwa linawapa wanawake vipande vilivyokatwa, wanakwenda kuvishona nyumbani, wanalipwa kwa idadi. Mdogo wako kaniambia kuna waigizaji wanaotaniwa kuwa ni wahesabu mishono, wakikuona wanainama kukagua tundu la kifungo chako. Ningewafaa hao.

Na kitambaa, mwanangu, usitafute mbali. Huko uliko, mji wa Salem, ndiko ilikotoka merikani. Meli zao zilikuwa zikileta Unguja ile nguo ya pamba isiyopaushwa, nguo ya pwani na ya bara, nguo iliyotumika kama fedha kwenye misafara, zikaondoka na pembe na sandarusi. Halafu vita hivi unavyotaka kuviigiza vikakata pamba, merikani ikaadimika, na nguo za Uingereza na India zikaingia mahali pake. Jina likabaki. Wateja wangu bado wanasema merikani na hakuna hata mmoja anayefikiria Marekani.

Ndani ya bahasha hii kuna kipande chake, kama kiganja. Nimekikata matundu mawili ya vifungo. Moja nimelimaliza: angalia uzi unavyozungushwa nyuma ya sindano, ukavutwa kwenda juu, fundo likakaa ukingoni, na mafundo yamebanana kama meno. La pili nimeliacha nusu, na sindano nimeichomeka hapo hapo. Angalia isikuchome ukifungua. Malizia ulichukulie picha, usinitumie ya mwanga wa taa, nitumie ya mchana, dirishani.

Na unitumie vipimo: shingo, kifua, na mkono kuanzia begani hadi kifundo ukiwa umekunja kiwiko. Usijipime mwenyewe, mwombe mtu. Ulivyojipima safari ile ya suruali ya Idi bado nacheka.

Mama yako