Safari ya kuvua trauti ipangwe kwa kufuata mto

Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika gazeti lako niseme na wale wanaojiandaa kupanda milima ya Nyandarua kwenda kuvua trauti, samaki wa mito baridi ya milimani, na pia na wale wenye dhamana ya kuwapa taarifa kabla hawajaondoka nyumbani. Kila mwaka likizo ya Pasaka inapokaribia, jamaa na marafiki hunipigia simu wakiniuliza ni lini tutakwenda Mto Gura, unaoshuka kutoka milima hiyo, na kila mwaka jibu langu huwaudhi, kwa sababu Pasaka huangukia ndani ya masika, na wakati huo mto ule si wa kuuendea.

Kosa hili nililifanya mwenyewe miaka kadhaa iliyopita. Tulikuwa watatu: mimi, mpwa wangu, na mgeni wetu kutoka Mombasa, mtu aliyezoea kuvua baharini kwa mshipi, ambaye alitamani kujaribu ufito mwepesi na nzi bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi hadi ikafanana na mdudu. Mwenyeji tuliyemlipia malazi alituhakikishia kwa simu kwamba mto ulikuwa shwari. Tulipofika darajani asubuhi tulikuta maji ya rangi ya chai ya maziwa yakishuka na matawi ya mianzi, na lile jiwe ambalo mpwa wangu alisimama juu yake akifunga nzi kwenye mshipi lilifunikwa kabla hatujamaliza chupa ya chai tuliyoibeba. Alirudi ukingoni maji yakimfika magotini. Pale tulipokuwa jua lilikuwa linawaka. Mvua iliyotufikia ilikuwa imenyesha usiku, huko juu kwenye nyika ya mlima. Fedha za malazi hazikurudishwa, na hilo nimelisamehe, lakini sijasahau jinsi kijana yule alivyonishika mkono alipofika nchi kavu.

Asiyeijua Gura aelewe kwamba ni mto wa mteremko mkali, na maji ya nyikani huchukua muda mfupi sana kufika chini. Hata katika miezi ya kiangazi mawingu hujikusanya juu ya mlima kufikia adhuhuri, na ndiyo maana mimi huanza kuvua alfajiri na kukunja ufito mapema. Aidha trauti huwinda kwa macho. Maji yakichafuka haioni nzi bandia hata ukiipitisha mbele ya pua yake, kwa hiyo aliyekwenda wakati wa mafuriko amehatarisha maisha yake bila hata tumaini la kupata samaki.

Samaki huyu si mwenyeji wa mito yetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, na Gura ndiyo iliyopokea samaki hao. Wazao wao wangali humo, wenye madoa meusi na mekundu ubavuni, ilhali katika mito mingi ya Mlima Kenya utakuta trauti wa upinde wa mvua, jamii inayozalishwa pia katika kituo cha serikali cha Kiganjo, karibu na Nyeri, tangu mwaka 1948. Wote wawili huhitaji maji baridi yenye hewa nyingi, na kwa hiyo anayewataka hana budi kuwafuata kule juu ambako usiku huganda umande.

Ushauri wangu ni kwamba tarehe ichaguliwe kati ya Januari na mwanzoni mwa Machi, au kati ya Juni na Septemba kwa mwenye kustahimili ukungu. Kibali cha kuvua kitafutwe mapema, kwani ada ya kuingia mbugani haikupi ruhusa ya kutupa ndoana. Askari wa wanyamapori aombwe kabla ya siku yenyewe. Vichaka vya kando ya mto vina nyati, na mvuaji aliyekaza macho majini hasikii kitu. Ndani ya msitu ufito mfupi unafaa zaidi, kwa kuwa matawi yameinamia mto pande zote mbili. Mkifika, msikimbilie kutupa mshipi. Pindueni jiwe moja la mtoni mtazame viluwiluwi vya wadudu vilivyong'ang'ania chini yake, rangi yao na ukubwa wao, kisha mchague nzi anayefanana nao, na mvue mkipanda mto, maana trauti hukaa akiuelekea mkondo na hawaoni walio nyuma yake. Samaki wa kurudishwa majini ashikwe kwa mikono iliyoloweshwa, kwani mkono mkavu humtoa ute unaomkinga na maradhi.

Lakini ushauri wa mtu mmoja hautoshi. Mito yetu mingi ina vituo vya kupimia kina cha maji, na wapo watu wanaosoma vipimo hivyo, ila mgeni aliyeko Nairobi au Mombasa hana njia rahisi ya kuvipata, hivyo hutegemea neno la mtu ambaye tayari anasubiri fedha zake. Naziomba mamlaka husika zitangaze kina cha Gura, Chania na Ragati kila Alhamisi, na nakuomba wewe, Mhariri, uvichapishe vipimo hivyo Ijumaa kando ya utabiri wa hali ya hewa, pamoja na taarifa ya barabara za mbugani zilizofungwa kwa sababu ya matope.

Mgeni wetu wa Mombasa ameomba turudi. Nimemwambia asubiri hadi wiki ya pili ya Januari, na mpwa wangu ameshaanza kufunga nzi.

Wako mwaminifu,
Mvuaji wa Nyeri