"Mwili umezoea dawa" ni jibu la kusahihishwa darasani

Mhariri,

Mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Tanga akiulizwa kwa nini amoksisilini imeshindwa kumtibu mgonjwa, hujibu upesi: "mwili umezoea dawa." Mwili haumo kabisa. Aliyebadilika ni bakteria, na badiliko limo katika jeni zake, mara nyingi kabla kidonge hakijamezwa. Mwaka 1952 wanasayansi Joshua na Esther Lederberg walilithibitisha kwa kitambaa cha mahameli: walibandua makoloni, yaani vishada vya bakteria, kutoka sahani isiyo na dawa, wakayapachika kwenye sahani zenye dawa, na yaliyosalimika yakaota mahali palepale katika kila sahani, ishara kwamba yalikuwa sugu kabla ya kukutana na dawa.

Kulifundisha hakuhitaji maabara. Weka kwenye sinia maharage 96 na kunde 2. Zote ni bakteria, ila kunde ndizo zenye jeni ya usugu kwa dawa, tuseme ile inayotengeneza kimeng'enya cha kukata molekuli ya penisilini. Dozi moja iondoe robo tatu ya maharage; kunde zisiguswe. Waliobaki wagawanyike mara mbili: maharage 24 yanarudi kuwa 96, kunde 2 zinakuwa 8. Rudia. Baada ya dozi ya tatu utabaki na maharage 24 na kunde 32. Hapo mwalimu aulize: kuna harage lililogeuka kunde? Swali hili lisirukwe hata kengele ikigonga.

Panapokosewa zaidi ni kwenye plasmidi, kile kiduara cha DNA kilicho nje ya kromosomu ambacho bakteria humgawia hata jirani wa spishi nyingine. Chukua uzi wa katani wa sentimita 20, upige mafundo manne, uufunge duara. Kila fundo ni jeni ya usugu kwa dawa moja. Mwanafunzi asitoe duara lake. Atengeneze nakala, ampe mwenzake hiyo. Wakipokezana duara lilelile, idadi ya wenye usugu haiongezeki na somo limeharibika.

Mafundo ni manne kwa sababu. Japani, katika miaka ya 1950, Shigella wanaosababisha kuhara damu walikutwa sugu kwa sulfa, streptomaisini, kloramfenikoli na tetrasaiklini kwa pamoja, na usugu wote ukaweza kuhamia kwa bakteria wa utumbo E. coli kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana kutumia dawa moja tu kunawaneemesha walio sugu kwa zote nne.

Tunawasihi walimu wenzetu wasioteshe bakteria halisi kwenye dawa darasani. Pasipo mtungi wa mvuke wa shinikizo wa kuwaulia, mtakuwa mmewachuja sugu wa kweli na hamna pa kuwatupa.

Walimu wa baiolojia,
Tanga