Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: mdogo wangu hakukimbia jembe

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo, kama umri unaruhusu. Kama hauruhusu, basi pokea salamu za Namtumbo.

Juzi nimesikia tena redioni kwamba vijana wanakimbilia mjini kwa sababu hawataki jembe. Mimi nina mdogo wangu Dar es Salaam, na najua siku aliyoondoka na kilichomwondoa.

Mwaka 2017 tulivuna vizuri. Mbolea ya kupandia na ya kukuzia tulikopa dukani, tukaahidi kulipa baada ya mavuno. Juni, mahindi yakiwa bado yanaanikwa uani, Serikali ikapiga marufuku kuyauza nje ya nchi. Anayetaka kuvusha mpaka asage, apeleke unga. Mheshimiwa, mashine ya kijijini kwetu inasaga debe la mama anayesubiri kusonga ugali jioni hiyo. Unga wa kupeleka Nairobi ni habari nyingine.

Wanunuzi waliokuja walikuwa wa kuhesabu. Walitaja shilingi 25,000 kwa gunia, tena lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Tukauza kidogo, mengine tukayaweka kihengeni kungoja bei. Zuio lilipokuja kuondolewa, mdudu dumuzi, huyu tunayemwita Scania, alikuwa ameshatutangulia. Mdogo wangu alichota mahindi kwa kiganja, akapuliza. Unga ukaruka, zikabaki punje zenye matundu. Hakusema neno. Wiki ile ile aliuza baiskeli, akapunguza deni la mbolea, akapanda basi.

Nia ya zuio naielewa, hakuna anayetaka nchi ife njaa. Lakini gharama ya unga nafuu wa mjini tuliibeba sisi tuliolima, wala haikuwa mara ya kwanza: mwaka 2011 mipaka ilifungwa vivyo hivyo.

Huko Dar akawa machinga, mchuuzi wa barabarani. Jina lenyewe ni la watu wa Lindi, kusini huku huku, kwa hiyo safari hii ina njia yake ya zamani. Mwishoni mwa 2018 vikaja vitambulisho vya shilingi 20,000, akanunua, akaniambia sasa anatambulika. Mwaka 2021 wamachinga wakaondolewa barabarani, na meza yake ikaondolewa pamoja na nyingine. Nilidhani atarudi. Akahamia uchochoro wa pili.

Wazee wetu wanakumbuka Nguvu Kazi ya 1983, watu walivyokamatwa mjini kwa kukosa kazi na kurudishwa vijijini. Wengi walirudi Dar. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa ule na watu milioni 4.36, ya 2022 ikaukuta na milioni 5.38.

Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 imetusaidia, nisiwe mnyimi wa shukrani. Na BBT, ule mpango wa Serikali wa vijana kuchaguliwa, kufundishwa na kupewa mashamba, sina ugomvi nayo. Ila mdogo wangu hakukosa shamba. Ekari zake mbili zipo, nazilima mimi. Alichokosa ni kujua, siku anapofukia mbegu, kama mwezi wa sita ataruhusiwa kumuuzia anayelipa vizuri.

Ombi langu ni dogo. Kama kuna mwaka mnaona mpaka lazima ufungwe, tuambieni Oktoba, kabla hatujakopa mbolea, ili mwenye kupunguza ekari apunguze na mwenye kupanda ufuta apande. Ikishindikana, mkafunga mahindi yakiwa uani, basi Serikali iyanunue yenyewe kwa bei iliyokuwapo siku moja kabla ya tangazo, na ilipe pale pale kwenye mzani.

Mdogo wangu hunipigia kila Novemba kuuliza kama mvua imeanza. Mwaka jana aliuliza pia bei ya mbegu.

Wako,
Mkulima wa mahindi, Namtumbo, Ruvuma