Kapteni, sita

Mhariri,

Makala yenu ya juzi kuhusu umri wa kustaafu marubani imenikera hadi nikashika kalamu, jambo ambalo sijalifanya tangu nistaafu miaka saba iliyopita. Mwandishi anadai kumsimamisha rubani akifika 65 ni kutupa uzoefu jalalani. Mimi ni mmoja wa hao anaosema wametupwa. Sikutupwa. Nilipumzishwa kwa wakati wake.

Hadi Novemba 2006, kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, zilimtaka kapteni aache safari za kimataifa akitimiza 60. Wakaongeza miaka mitano, kwa sharti kwamba rubani mwenzake awe hajafika 60. Mwaka 2014 sharti hilo nalo likaondolewa. Mwaka 2025 mashirika ya ndege, kupitia umoja wao, IATA, yakaenda Montreal, makao makuu ya ICAO, kuomba 67. Halikupita, na mwandishi wenu analalamika: eti daktari ndiye aamue, si kalenda.

Daktari! Baada ya 60 nilipimwa kila miezi 6: macho, masikio, presha, moyo. Nilifaulu kila mara. Lakini daktari alinipima saa nne asubuhi, nimelala vya kutosha, nimekunywa chai. Hakunipima saa tisa usiku. Nikiwa na miaka 64, tunashuka kuingia Dar, abiria nyuma wamelala, mwongoza ndege akatuambia tushuke hadi futi 6000 tuishie hapo, maana chini yetu kulikuwa na ndege nyingine inapanda. Nikamjibu 6000, sauti imetulia kabisa. Mkono ukazungusha kitufe cha kuweka kimo hadi 4000. Nikaitazama ile 4000 kwenye kioo mbele yangu, nikaona ni sawa. Rubani msaidizi, kijana aliyekaa kulia kwangu, hata 30 hajafika, akasema taratibu, "Kapteni, sita," huku akinyoosha kidole. Nikarudisha. Hatukusemeshana tena ila ya kazi mpaka tulipoegesha. Wiki ile ile cheti kilikuwa kimeandikwa kwamba niko fiti, na saa zangu zote 19,000 za angani zilikuwa pale pale kitini. Aliyewaokoa wale watu ni yule kijana.

Na huku chini nako ni yale yale. Mtumishi wa umma anastaafu kwa lazima akiwa na 60, lakini nenda ofisini, utamkuta kwenye kiti kile kile kwa mkataba, eti hakuna wa kumrithi. Mrithi atatoka wapi kama hakuna aliyemfundisha? Mpwa wangu ana leseni ya urubani wa biashara. Baba yake aliuza kiwanja Kibaha kulipia masomo. Ana saa 210 za angani. Kila anakobisha hodi anaambiwa alete saa 500. Huu ni mwaka wa tatu anauza vipuri vya pikipiki Kariakoo, na bado tunasomewa kwenye gazeti kwamba marubani ni haba.

Ninachoomba ni hiki: kila kapteni akitimiza 60 akabidhiwe kijana mmoja mwenye saa chini ya 300, amlee miaka ile mitano. Kampuni isiyotaka isipewe kibali cha kuajiri rubani kutoka nje. Akifika 65 ahamie darasani na kwenye mashine ya mafunzo, ambako kosa halimuui mtu. Mimi nipo Jumanne na Alhamisi, sitaki mshahara. Nauli ya kutoka Tabata inanitosha.

Rubani mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam